Wakala wa akili mnemba amekula bajeti usiku mmoja: kikomo kiwekwe wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi na mwenzangu hapa Mwanza tumetengeneza wakala wa akili mnemba anayejibu wateja wa kampuni ya kusafirisha mizigo. Mteja anaandika namba ya mzigo, wakala anauliza mfumo wa kampuni, kisha anajibu. Ijumaa moja saa 5 usiku mfumo wa mizigo ulizimika. Wakala aliendelea kuuliza hadi saa 12 asubuhi tulipoamka tukamzima, bili ikawa dola 212. Tulikuwa na tahadhari ya barua pepe ya dola 50. Ilikuja, lakini tulikuwa tumelala. Sasa tumeweka kikomo cha maombi 20 kwenda kwa modeli kwa dakika, na wateja wanalalamika kwamba wakala anakatika katikati ya maongezi. Kwa siku tunahudumia wateja kama 150, kila mmoja akitumia maombi manne hivi ndani ya nusu dakika. Usiku ule kila ombi lilikuwa na wastani wa tokeni 15,000 (vile vipande vya maneno ambavyo modeli huhesabu), na modeli yetu inatoza dola 3 kwa tokeni milioni moja zinazoingia. Kikomo kiwekwe wapi, na kiwe cha kiasi gani? Bosi anasema tuandike dola 400 kwa mwezi tumalize.

JIBU: Marahaba, na poleni kwa bili hiyo. Nashukuru umeandika na tarakimu zako, kwa sababu zenyewe zinaonyesha tatizo lilipo.

Tuanze na usiku ule. Tokeni 15,000 kwa bei ya dola 3 kwa milioni ni senti 4.5 kwa ombi. Gawanya dola 212 kwa hiyo senti 4.5, unapata maombi kama 4,700. Kutoka saa 5 usiku hadi saa 12 asubuhi ni dakika 420. Kwa hiyo wakala wenu alikuwa akituma takriban maombi 11 kwa dakika. Kikomo mlichokiweka baada ya hasara ni maombi 20 kwa dakika. Maana yake mkasa ule ungejirudia leo, kikomo hicho kisingemgusa. Na kama wakala angeamua kukitumia chote, maombi 20 kwa dakika ni 28,800 kwa siku, yaani dola 1,296. Mmewabana wateja wa mchana, lakini mlango uliopitiwa usiku bado uko wazi.

Hapa mmechanganya vitu viwili ambavyo ni lazima vitenganishwe: kasi na matumizi. Kikomo cha kasi kinalinda seva isizidiwe na kinagawa nafasi kwa haki kati ya wateja. Hakilindi mfuko. Wakala mwenye subira anaweza kutuma ombi moja kila sekunde tano, usiku na mchana, asivuke kikomo chochote cha kasi, na bado akamaliza mtaji. Mfuko unalindwa na kitu kimoja tu: hesabu ya fedha inayokaguliwa kabla ya kila ombi kutoka, na inayokaa nje ya wakala mwenyewe.

Nasisitiza nje ya wakala. Nimeona watu wanaandika kwenye maelekezo ya modeli, "usitumie zaidi ya hatua kumi." Modeli inaweza kutii mara nyingi, lakini huko ni kuisihi tu. Modeli haina mita mkononi, na ikichanganyikiwa ndiyo kabisa haitakumbuka kuhesabu. Kinachozuia kiwe ni msimbo wenu unaosimama kati ya wakala na mtoa huduma wa modeli, na ambao wakala hana njia ya kuuzunguka.

Tahadhari ya barua pepe nayo si kizuizi. Google Cloud, huduma ya Google ya kukodisha kompyuta, wanaandika wazi kwenye nyaraka zao kwamba kuweka bajeti hakuzuii matumizi, kunatuma taarifa tu. Pia hesabu za bili kwenye mifumo mingi huchelewa, kwa hiyo barua inayosema dola 50 inaweza kukufikia wakati umeshapita hapo zamani. Mnachohitaji kifanye kazi kama LUKU: uniti zikiisha, umeme unakatika, hakuna anayekutumia ankara mwisho wa mwezi.

Sasa namna ya kuijenga. Kabla ya ombi kutoka, kadiria gharama yake ya juu kabisa. Tokeni zinazoingia unaweza kuzihesabu, na zinazotoka unazijua ukomo wake kwa sababu wewe ndiye unayeweka idadi ya juu ya tokeni za jibu. Zidisha kwa bei, pata kiasi. Kiasi hicho kitenge kwenye bajeti ya kazi husika. Kikitengeka, ombi linakwenda. Jibu likirudi, mtoa huduma anakueleza tokeni zilizotumika kweli, nawe unarekebisha: kilichozidi kinarudi kwenye bajeti. Kisipotengeka, ombi halitoki. Basi.

Jambo moja hapa linawakwamisha wengi. Kutenga kufanyike kwa hatua moja isiyogawanyika. Ukisoma kwanza salio, ukaliangalia kwenye programu, kisha ukaandika salio jipya, wafanyakazi kumi wa foleni (programu zinazochukua kazi zilizopangwa na kuzifanya) wanaweza kusoma salio lilelile la senti 10 kwa wakati mmoja, kila mmoja akaona zinamtosha, na wote wakatuma. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL inatosha sentensi moja:

UPDATE bajeti SET salio = salio - 0.06 WHERE kazi_id = 8841 AND salio >= 0.06;

Kisha angalia ni safu ngapi zimebadilika. Ikiwa 1, endelea. Ikiwa 0, bajeti imekwisha, simama hapohapo. Ukitumia hifadhidata ya Redis, fanya hayohayo ndani ya skripti moja ya lugha ya Lua, kwani Redis haiingizi amri nyingine katikati ya skripti inayoendelea. Na mtandao ukikatika kabla jibu halijarudi, usirudishe kile kiasi haraka. Huenda upande wa pili kazi imeshafanyika na imeshatozwa. Hesabu kwamba kimetumika chote. Ni heri bajeti ikaonyesha umetumia zaidi kidogo kuliko ikadanganya kinyume chake.

Umeona nimeandika bajeti ya kazi, si ya mwezi. Hapo ndipo natofautiana na bosi wako, kwa heshima. Dola 400 kwa mwezi zingeuruhusu usiku wa dola 212 upite wote bila kizuizi, kisha wateja wafungiwe mwishoni mwa mwezi kwa kosa lisilo lao. Kipimo sahihi ni kazi moja: mteja mmoja, swali moja, mwanzo hadi mwisho. Kosa likitokea kwenye kazi moja, lilipwe na kazi hiyo peke yake. Juu ya hapo weka kikomo cha siku, na cha mwezi kiwe ukuta wa mwisho ambao kwa kawaida hamtaufikia.

Kazi moja ina sababu nyingine ya kuangaliwa kwa karibu. Wakala anapopiga hatua mpya, hutuma tena mazungumzo yote tangu mwanzo. Chukua kazi inayoanza na tokeni 5,000 za maelekezo na zana (programu ambazo modeli huziita, kama ile ya kuuliza mizigo), kila hatua ikiongeza 2,000. Baada ya hatua 20, jumla ya tokeni zilizoingia ni 480,000, sawa na dola 1.44 kwa bei yenu. Baada ya hatua 40 ni 1,760,000, yaani dola 5.28. Hatua zimeongezeka mara mbili, gharama karibu mara nne. Ndiyo maana kazi zilizopotea njia ndizo zinazokula bajeti. Hizi za kawaida hazina shida. Kache ya maelekezo, yaani kuhifadhi sehemu isiyobadilika ili isichakatwe upya, inasaidia sana (kwa Anthropic, kampuni yenye modeli za Claude, sehemu inayosomwa kutoka kwenye kache hutozwa moja ya kumi ya bei ya kawaida), itumieni, ila msitegemee iwaokoe na wakala anayezunguka. Kuzunguka kwa bei nafuu bado ni kuzunguka.

Na kwa kuwa wateja wenu wanaandika Kiswahili, pimeni tokeni kwa maongezi yenu halisi. Msikadirie kwa kanuni zilizotolewa kwa Kiingereza. Modeli nyingi hukata maneno yetu vipande vingi zaidi, hasa vitenzi kama "hayajawafikia", na makadirio ya kuazima yatakuwa chini ya ukweli.

Turudi kwenye chanzo, kwa sababu kikomo kinapunguza hasara lakini hakiponyi ugonjwa. Kwa nini wakala aliuliza saa saba mfululizo? Nina hakika karibu kabisa kwamba mkifungua kumbukumbu za usiku ule mtakuta zana yenu ya mizigo inarudisha ujumbe wa aina hii: "Hitilafu ya muda. Tafadhali jaribu tena." Ujumbe huo uliandikwa kwa ajili ya binadamu. Modeli inausoma kama agizo, na inatii. Kila ilipoambiwa ijaribu tena, imejaribu.

Badilisheni maneno hayo leo. Zana ikishindwa, irudishe kitu kama hiki: "Mfumo wa mizigo haupatikani kwa sasa. Usiite zana hii tena katika kazi hii. Mweleze mteja kwamba taarifa haipatikani, na kwamba swali lake limehifadhiwa ili ahudumiwe baadaye." Kisha, kwa kuwa maneno si kizuizi, zana yenyewe ikatae. Ikiitwa mara tatu kwa namba ileile ya mzigo ndani ya kazi moja, mara ya nne isiende popote. Na mfumo wa mizigo ukishindwa mara tano mfululizo kwa wateja wowote, swichi ijifunge, yaani maombi yote kwa mfumo huo yazuiwe, kwa dakika mbili, kisha iruhusu ombi moja la majaribio. Likifaulu inafunguka, likishindwa inajifunga tena. Hatua hizi zingeipunguza sana bili ya dola 212.

Lakini tokeni 15,000 kwa ombi kwa muda wote ule hainipi picha ya mazungumzo moja yaliyorefuka, maana hayo yangevimba hadi yakagonga ukomo wa modeli. Inanipa picha ya foleni iliyokuwa ikiianzisha upya kila kazi iliyoshindwa. Angalieni hapo. Marudio yana tabia ya kuzidishana bila mtu kujua. Maktaba rasmi za Python (misimbo iliyoandikwa tayari) za OpenAI na Anthropic hurudia zenyewe mara mbili ombi lililoshindwa kama hujazibadilisha, hiyo ni mara tatu kwa jumla. Mfumo wa mawakala juu yake ukijaribu kila hatua mara nne, na foleni ikianzisha kazi mara tano, ombi moja la mteja linaweza kuwa 60. Chagueni tabaka moja tu lenye ruhusa ya kurudia, kwingine kote wekeni sifuri. Na kazi inayoanzishwa upya irithi salio lililobaki. Isipewe bajeti mpya. Hilo la mwisho likisahaulika, kila nilichoeleza hapo juu hakifai kitu.

Kuhusu kurudia kwenyewe: si kila kosa linastahili. Msimbo wa kosa 429, uliowekwa rasmi mwaka 2012 katika waraka wa viwango vya intaneti RFC 6585, unamaanisha umetuma maombi mengi mno, na mara nyingi huja na kichwa cha Retry-After (mstari wa taarifa juu ya jibu) kinachokuambia usubiri sekunde ngapi. Kiheshimuni. Kisipokuwepo, subirini sekunde 1, kisha 2, kisha 4, na kila mara changanyeni na muda wa kubahatisha, la sivyo wafanyakazi wote waliokataliwa pamoja watarudi pamoja na kukataliwa pamoja. Makosa ya 400 (ombi lenye kasoro) na 401 (ufunguo wa akaunti haukubaliki) hayarudiwi. Ombi lenye kasoro halitanyooka kwa kurudiwa. Na kwa OpenAI, 429 ina sura mbili: mwendo umezidi, au salio la akaunti limekwisha. Hiyo ya pili huja na alama ya insufficient_quota, na kuirudia ni kupoteza muda hadi mtu aongeze fedha.

Sasa wateja wanaokatika katikati. Kikomo chenu kinakagua kila ombi moja moja, bila kujua kama ni la mteja anayeanza au la mteja aliyebakiza hatua ya mwisho. Kila mteja ana maombi manne, kwa hiyo maombi 20 kwa dakika ni wateja watano tu. Saa 7 mchana wakiingia wanane kwa pamoja, mnahitaji maombi 32, na 12 yanakataliwa. Hayakataliwi ya watu wa mwisho kufika. Yanakataliwa yoyote yaliyochelewa, pamoja na hatua ya nne ya mtu aliyekwisha kutumia senti zenu kwa hatua tatu. Mmelipa, na hajajibiwa. Ni hasara ya pande zote mbili.

Kizuizi kihamieni mlangoni. Mteja aliyeingia amalize, anayesubiri asubiri nje akiwa ameambiwa. Idadi ya kuruhusu kwa wakati mmoja inapatikana kwa hesabu ya foleni ambayo mtaalamu John Little aliithibitisha mwaka 1961: waliomo ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Tuseme mtoa huduma anawaruhusu maombi 60 kwa dakika. Gawanya kwa 4, ni wateja 15 kwa dakika. Kila mmoja anakaa nusu dakika. Basi ruhusuni kazi 7 kwa pamoja, wa nane apate ujumbe kwamba zamu yake inakuja. Wengi watasubiri sekunde ishirini bila hata kugundua.

Angalieni pia namna dakika inavyohesabiwa. Kikomo kinachojifuta kila dakika ya saa inapogeuka kinaruhusu maombi 20 sekunde ya mwisho na mengine 20 sekunde inayofuata, halafu kimya. Bora akiba inayojazwa kidogo kidogo kwa mwendo uleule: kila sekunde chache inaongezeka ruhusa moja, na ukitulia zinakusanyika hadi kiwango fulani. Anthropic wanatumia utaratibu wa namna hii, na wanaeleza kwamba maombi 60 kwa dakika yanaweza kusimamiwa kama ombi 1 kwa sekunde. Kwa hiyo unaweza kupata 429 ukiwa umetuma maombi kumi tu, kama umeyatuma kwa mkupuo. Zaidi ya hayo, watoa huduma huhesabu tokeni kwa dakika kando ya maombi. Kwa mawakala wenye mazungumzo marefu, mara nyingi tokeni ndizo zinazogonga ukuta kwanza.

Kiasi gani, basi? Kwa wiki moja rekodini gharama ya kila kazi mpaka senti, huku kikomo kipana cha mpito kikiwalinda, mathalani dola 1 kwa kazi na 30 kwa siku. Halafu zipangeni kazi kutoka ya bei ndogo hadi kubwa. Tuseme mnakuta wastani ni senti 8, na kazi 95 katika kila 100 ziko chini ya senti 20. Wekeni kikomo cha kazi kwenye senti 50. Mteja mwenye swali gumu la kweli atapita, aliyenasa kwenye mzunguko atasimama. Siku ya kawaida ni 150 mara senti 8, dola 12. Kikomo cha siku kiwe 25, ili siku ya sikukuu yenye wateja wengi isifungwe. Wakala akiita mawakala wadogo, kila mdogo akatiwe fungu kutoka kwa mkubwa wake, asifunguliwe mfuko wake. Na kila namba ya simu iwe na ukomo wake wa siku, kwani kuna watu watakaogeuza huduma yenu kuwa msaidizi wa bure wa kazi za shule.

Ndani ya hizo senti 50, tengeni senti 5 zisizoguswa kwa ajili ya jibu la mwisho. Salio likifika hapo, zana zote zinafungwa na modeli inaambiwa imwandikie mteja ilichopata mpaka sasa na imkabidhi kwa mhudumu. Hiki ni kitu kidogo chenye heshima kubwa. Mtu anayefuatilia mzigo wa dawa au wa biashara asiachwe akitazama skrini iliyonyamaza kwa sababu tu mita yetu imefika mwisho.

Msihesabu modeli peke yake. Kama majibu yanakwenda kwa SMS, ujumbe mmoja unachukua herufi 160 za kawaida, lakini wakala akipachika emoji hata moja, nafasi inashuka hadi 70, na ujumbe wenu wa herufi 150 unatozwa kama tatu. Emoji ziondoeni kwa msimbo kabla ya kutuma. Na siku mtakapompa wakala uwezo wa kurudisha fedha za wateja kwa simu, hapo tena si suala la bajeti ya tokeni: kila muamala uwe na namba yake ya kipekee ili marudio yasilipe mara mbili, na uidhinishwe na binadamu.

Upande wa mtoa huduma, tumieni ufunguo mmoja wa majaribio na mwingine wa kazi, kila mmoja na ukomo wake. Kama kuna malipo ya kabla, yatumieni, na zimeni ujazaji wa salio wa moja kwa moja. Kadi ya benki isiyo na fedha haiwalindi kama akaunti ni ya kulipa baadaye, deni linabaki.

Bosi mpe tarakimu tatu badala ya moja: senti 50 kwa kazi, dola 25 kwa siku, na 400 yake ibaki kama ukuta wa mwezi. Mwenendo wa kawaida utakuwa karibu dola 360, kwa hiyo mwambie mapema kwamba nafasi ni finyu, na wateja wakiongezeka ukuta huo utabidi usogezwe kwa makubaliano.

Kabla hamjarudisha mfumo kwa wateja, fanyeni jaribio hili. Chukueni ufunguo wa majaribio wenye dola 2, zimeni mfumo wa mizigo makusudi, rusheni wateja 20 wa kubuni kwa pamoja, kisha muache bila kugusa kwa saa nzima. Mkirudi, angalieni salio lililobaki, swichi ilijifunga kwenye ombi la ngapi, na kila mmoja wa wale 20 aliandikiwa nini.